Deni linalolipwa kabla ya kukopwa

Ukihoji ANZUS, mkataba wa ulinzi kati ya Australia, New Zealand na Marekani, ukiwa nchini Australia, utaulizwa kama umesahau mwaka 1942. Swali hilo lina uzito wake. Februari mwaka huo Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani, na siku nne baadaye Darwin ikapigwa mabomu. Uingereza, iliyotegemewa miaka nenda rudi, ilikuwa imelemewa. Waliokuja ni Wamarekani. Nchi yenye watu wachache na pwani isiyo na mwisho haiwezi kusahau jambo kama hilo, na anayeutetea mkataba kwa sababu hiyo si kibaraka wa mtu.

Wanaouhoji, hata hivyo, hawajasikilizwa vya kutosha. Huitwa waoga, au wenye chuki na Marekani, kisha mjadala hufungwa. Wanachosema ni kwamba kuwa na rafiki mwenye nguvu ni jambo moja, na kuwa na rafiki mwenye nguvu anayeingia vitani mara kwa mara mbali na kwake ni jambo jingine. Mkataba wa 1951 hauahidi kwamba Marekani itatuma hata askari mmoja. Unasema tu kwamba kila mmoja atachukua hatua dhidi ya hatari ya pamoja kwa kufuata taratibu za katiba yake. Kwa kuwa ahadi ni legelege, mdogo hujaribu kuikaza kwa utiifu: huenda katika vita vya mkubwa ili siku yake ikifika akumbukwe.

Vietnam ndiyo inayonikaa moyoni. Serikali ya Robert Menzies ilitangaza mwaka 1965 kwamba ingepeleka kikosi, na ilikwisha kuanzisha mfumo wa kuwaandikisha jeshini kwa lazima vijana wa miaka 20. Walipatikana kwa bahati nasibu. Vipira vya mbao vyenye namba za tarehe za kuzaliwa viliwekwa katika pipa, pipa likazungushwa, na ambaye tarehe yake ilitoka akaitwa. Umri wa kupiga kura ulikuwa miaka 21, ukabaki hivyo hadi 1973. Kijana huyo, basi, aliitwa na serikali ambayo hakuwahi kuulizwa kama anaitaka, kwenda kupigana na watu ambao hawakuitishia Australia, ili nchi ya tatu iridhike. Zaidi ya 15,000 kati ya walioandikishwa kwa lazima walipelekwa Vietnam. Waaustralia zaidi ya 500 walikufa huko, na karibu 200 kati yao walikuwa vijana wa pipa lile. Mwaka 2003 ikawa Iraq, kutafuta silaha ambazo hazikuwepo. Safari hiyo pia serikali haikulazimika kupata idhini ya bunge, kwa sababu sheria haiidai.

Malipo hayo yalileta nini? Mwaka 1999 Timor Mashariki ilipokuwa ikiteketezwa na wanamgambo waliopinga uhuru wake kutoka Indonesia, Australia iliongoza kikosi cha kimataifa na ikatamani askari wa ardhini wa Marekani. Ilipata usafiri, mawasiliano, taarifa za kijasusi, na shinikizo la Washington kwa Jakarta. Shinikizo hilo lilisaidia sana, na asiyekiri hivyo hasemi kweli. Ila vikosi vya mapigano havikuja.

New Zealand ilichagua njia nyingine. Mwaka 1985 serikali ya David Lange iliizuia manowari USS Buchanan, kwa sababu Marekani haikukubali kusema kama ilibeba silaha za nyuklia. Mwaka uliofuata Marekani ikasitisha wajibu wake wa ulinzi kwa New Zealand. Maafa yaliyotabiriwa hayakutokea. Hata waliolipua Rainbow Warrior, meli ya wanaharakati wa Greenpeace, katika bandari ya Auckland, Julai 1985, walikuwa majasusi wa Ufaransa, nchi ya kambi ileile ya Magharibi. Ni kweli pia kwamba New Zealand imejificha mgongoni mwa Australia, ambayo haina wa kujificha nyuma yake. Kwa hiyo sidhani Australia inaweza kuiga hatua ile kama ilivyo.

Inaloweza kufanya ni kuacha kulipa mapema. Chini ya AUKUS, makubaliano ya 2021 kati ya Australia, Uingereza na Marekani, nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia zimekadiriwa kugharimu hadi dola za Australia bilioni 368 kufikia katikati ya miaka ya 2050. Za kwanza zinatarajiwa kununuliwa Marekani, na sheria ya huko inamtaka rais athibitishe kwanza kwamba kuziuza hakutadhoofisha uwezo wa jeshi lake chini ya bahari. Rais atakayeombwa saini hiyo huenda siku hiyohiyo akawa anatafuta washirika wa vita vingine. Mkataba wa ANZUS ubaki, lakini kabla ya askari yeyote kuvuka bahari kwa ajili ya vita visivyo vya kujilinda, wabunge wapige kura, mmoja mmoja, kwa jina.