Herufi mbili chini ya kifua cha malkia

Bibi yangu aliacha riale moja ya fedha, imetobolewa juu, aliyoivaa kama kidani siku za harusi. Alipofariki, sonara mmoja alitushauri tuiyeyushe: "Riale ya Austria tu hiyo." Nilikataa, na hadi leo neno hilo "tu" linaniuma.

Itazame vizuri. Chini ya kifua cha Maria Theresa, malkia aliyeitawala Austria, pana herufi mbili ndogo, S na F. S ni Schöbl, msimamizi wa kiwanda cha kufua sarafu; F ni Faby, mkaguzi wake. Kiwanda chenyewe hakikuwa Vienna. Kilikuwa Günzburg, mji mdogo kando ya mto Danube, katika himaya ndogo ya Burgau, ambayo leo imo ndani ya Bavaria. Geuza sarafu: juu ya kifua cha tai mwenye vichwa viwili pana ngao, na robo moja ya ngao hiyo ni nembo ya Burgau.

Kwangu mimi, sifa ya riale hii ni ya mafundi wa Günzburg kabla ya kuwa ya malkia. Viwanda vya watawala wadogo wa Ujerumani vilikuwa na jina baya. Kati ya 1619 na 1623 wengi wao walichanganya shaba kwenye fedha hadi sarafu zikakosa maana, na maskini ndio walioumia. Günzburg, iliyoanza kazi 1764, ilishika kipimo: gramu 28 na kidogo, fedha sehemu 833 kwa 1000. Wafanyabiashara wa Augsburg, mji wa jirani, waliziagiza kwa biashara ya mashariki, nazo zikateremka hadi Bahari ya Shamu na pwani yetu. Wanunuzi huko walihesabu lulu za kwenye kishikizo cha shela ya malkia kabla ya kupokea. Malkia alipokufa Novemba 1780 hawakutaka sura nyingine, basi mwaka wa kwenye sarafu ukaachwa 1780 daima.

Kiwanda kilifungwa 1805, Burgau ilipochukuliwa na Bavaria. Herufi zikabaki. Vienna walizifua nazo, Roma 1935, London 1936, kisha Bombay wakati wa vita. Hata Seyyid Barghash alipotoa riale yake ya Zanzibar 1882, aliipa thamani sawa na hii.

Ndiyo maana naomba makumbusho na walimu wetu wa historia, wanapoonyesha riale hizi, walitaje Günzburg kwa jina. Watoto waonyeshwe hizo herufi kwa kioo cha kukuzia.

Ya bibi huenda ilifuliwa Bombay, miaka mingi baada ya Schöbl na Faby kuzikwa. Ukingo umelika na tundu limepita karibu na shela, lakini S na F zinasomeka. Dada yangu ataivaa Desemba, harusini kwake.