Nembo kwenye gemu inahitaji mtu wa kuigombea

Ukishacheza magemu ya dunia za kubuni kwa muda, hali hii unaijua. Unafungua ramani, unakuta kambi tatu au nne, kila moja na rangi yake na mnyama wake. Hawa simba, hawa mbwa mwitu, wale nyoka. Zungumza na kila mhusika mpaka uchoke, hakuna atakayekwambia kwa nini simba, maana hata aliyelitengeneza gemu hakujiuliza. Mimi jambo hili linanikera kwelikweli. Nembo ni dai: sisi ni nani, tumetoka wapi, ardhi hii ni ya nani. Dai likikosa wa kulipinga na wa kulifia, ni rangi tu iliyopakwa kwenye ngao.

Anayetaka kuona inavyofanywa vizuri aangalie mwanzo wa The Witcher 3, gemu lililotoka 2015 kutoka kwa CD Projekt Red ya Warsaw. Jeshi la Nilfgaard limeshaiteka Temeria. Nilfgaard inabeba jua la dhahabu kwenye nyeusi, Temeria inabeba maua ya yungiyungi ya rangi ya fedha, nayo kwenye nyeusi. Katika kijiji cha White Orchard, mama mwenye kilabu anaamua kuiondoa ukutani ngao yenye yungiyungi. Si msaliti wala si shujaa. Ana biashara ya kulinda, na watawala wapya wako mlangoni. Wateja wake, watu wa kijiji hichohicho, wanamvamia na kumpiga kwa sababu ya ngao hiyo. Mpaka hapo huenda hujasoma hata ukurasa mmoja wa historia ya Temeria, lakini yungiyungi limeshakuingia. Baadaye unakutana na Vernon Roche na wapiganaji wake wamejificha msituni, bado wanavaa maua ya nchi isiyo na mfalme tena, na huhitaji kuelezwa kwa nini hawayavui.

Ua lenyewe limetoka Ufaransa. Wafalme wa huko walibeba maua ya dhahabu kwenye buluu, yametapakaa ngao nzima, hadi karne ya 14 enzi za Charles V yalipopunguzwa yakabaki matatu, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Temeria imebadilishiwa rangi tu. Kuazima hakunisumbui hata kidogo, ilimradi kilichoazimwa kipewe maisha.

Tena kuna kuazima kunakohitaji ujasiri. Redania, ufalme mwingine katika dunia hiyohiyo, unabeba tai mweupe mwenye taji kwenye nyekundu. Mpoland yeyote akimwona tai huyo anajua ni wa kwao, maana ndiye aliye kwenye nembo ya taifa la Poland. Na taji lake si jambo dogo: utawala wa kikomunisti ulimvua tai taji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na akarudishiwa 1990, ukomunisti ulipoanguka. Watu wazima wengi waliolicheza gemu hilo Poland waliyaona yote mawili, tai bila taji na tai na taji lake. Sasa tazama studio ya Warsaw imemwacha tai huyo mikononi mwa nani. Imemwacha kwa Radovid, mfalme aliyeingiwa na wazimu wa kuwawinda wachawi na kuwachoma moto katika viwanja vya Novigrad. Ingekuwa rahisi sana kumpa tai mfalme mwema. Wao waliiacha nembo inayofanana na ya taifa lao juu ya ukatili na kumwachia mchezaji aone uzuri wa tai na moshi wa mioto kwa pamoja. Sijaona heshima kubwa kuliko hiyo kwa nembo, kukubali kwamba inaweza kubebwa na mikono mibaya.

Sanaa yenyewe ya nembo za koo ilishika kasi Ulaya katika karne ya 12, na haja ilikuwepo: kofia za chuma zilizidi kuziba uso, na vitani mtu alihitaji kumjua mwenzake kwa mbali. Geoffrey wa Anjou, ambaye kwa maelezo ya zamani alivishwa ngao yake na Henry I wa Uingereza mwaka 1128, bado anaonekana kwenye bamba la kaburi lake huko Le Mans akiwa na simba wa dhahabu kwenye buluu. Kukawa na kanuni pia: dhahabu na fedha haziwekwi moja juu ya nyingine, na rangi, kama nyekundu, buluu au nyeusi, haiwekwi juu ya rangi, ili jicho lisome haraka. Waliotengeneza World of Warcraft, iliyotoka 2004, waliwapa Alliance, moja ya kambi mbili za gemu hilo, simba wa dhahabu kwenye buluu, sawasawa na kanuni. Horde, kambi ya pili, wana alama nyeusi kwenye nyekundu, rangi juu ya rangi. Sijui kama ilikusudiwa, lakini mimi naipenda. Horde si watu wa mabwana wa Ulaya, wafuate kanuni zao kwa lipi?

Nyota ya Chaos (vurugu) ya Warhammer, gemu la vita la mezani, ile yenye mishale minane, nayo ina asili inayojulikana. Mwandishi Mwingereza Michael Moorcock aliibuni miaka ya 1960 kwa hadithi zake: mishale ya Chaos inaelekea kila upande, na Law (utaratibu) ina mshale mmoja uliosimama wima. Fikra nzima imo ndani ya mchoro. Ndiyo maana imedumu.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague moja tu, nachagua joka la Skyrim, gemu la 2011. Jeshi la Imperial, yaani la dola, linabeba joka, urithi wa Tiber Septim aliyeijenga dola hiyo. Baada ya kufa, Tiber Septim aliabudiwa kwa jina la Talos. Kisha dola ikashindwa kuwamaliza Thalmor, watawala wa taifa adui, vitani, ikatia saini mkataba, na sharti mojawapo likawa kupiga marufuku ibada ya Talos. Kwa hiyo askari wanaendelea kubeba joka la mwanzilishi wao huku raia akikamatwa kwa kumwomba mwanzilishi huyohuyo. Stormcloaks, waasi wanaoongozwa na Ulfric, wanabeba dubu wa Windhelm, alama ya mji mmoja, lakini ndio wanaopigana kwa jina la Talos. Na mwanzoni kabisa, pale mjini Helgen, joka halisi linatua na kuwateketeza watu waliovaa joka kifuani.

Wachezaji wameubishania ugomvi huo tangu gemu litoke: nani hasa mrithi wa Tiber Septim, mwenye joka lake au mwenye kumwomba? Mimi nasimama na wanaomwomba, ingawa Ulfric simwamini, na rafiki zangu wa upande wa Imperial wana hoja nzito kwamba bila dola hiyo Thalmor wangeshakuwa wamemeza kila kitu. Hatujawahi kukubaliana, na sitarajii tukubaliane.