Chumvi ilinigandia Katwe

Jamani mimi ni fundi wa pampu hapa Katwe, Kampala, za visima, za kuoshea magari, zote napiga. Siku moja akaja kijana mwanafunzi wa uinjinia na valvu ya stenlesi na mifuko ya unga mweupe, eti tuijaribu kwa chumvi. Nikamuuliza kaka, chumvi ya maharage? Kumbe ni naitreti, ya sodiamu 60 na ya potasiamu 40 kwa mia, ndo ile wanayotunzia joto la jua kule Hispania kwenye mtambo wa Gemasolar, tangi linafika digrii 565 na umeme unatoka hata usiku wa manane.

Masharti sasa. Makaa yasisogee, maana naitreti na makaa ni nusu ya baruti, so mama wa posho (ugali) akahamishwa na sigiri yake akitununia. La pili, chumvi hii ikishuka kwenye 240 inaanza kuganda, lazima bomba na valvu vipate moto kwanza, tukazungushia waya wa hita. Akaniambia "mzee, geji iko 270, ikifika 290 ndo ufungue" akaenda kununua rolex (si saa, ni chapati ya mayai).

Simu yangu ilikuwa asilimia 3. Ekstensheni ina matundu mawili, moja tangi, moja ule waya, na mimi nasubiri mobile money ya mteja, sasa wewe ungefanyaje? Nikachomoa waya, dakika tano tu. Nikaingia WhatsApp, kwenye grupu la ukoo wetu wa Arua kulikuwa na vita ya shamba, mpaka mjomba anatoka kwenye grupu naona muda umeenda, hii itakuwa imeiva. Nikafungua bila hata kutazama geji.

Ikatoka safi kama maji, nikacheka kwa raha, ikawa uzi, ikawa tone, kimya. Mdomoni mwa bomba limebaki jino moja jeupe. Nikazungusha gurudumu la valvu, wapi. Nikachukua spana, nikachukua nyundo (tangi la moto liko nyuma yake, nikikumbuka leo jasho linanitoka), napiga huku nafoka Kiswahili changu "TOKA! TOKA NJE HARAKA!" na Kampala unaijua, Kiswahili cha hivyo ni cha afande, jirani muuza viatu akashusha shata akalala chini.

Gurudumu likanibaki mkononi. Simu ikaita, kijana.

"Mzee, imefika ngapi?"

Nikaangalia pale juu kwenye skrini. "Arobaini na moja, inapanda vizuri."

"Arobaini na moja?! Mzee, hiyo hata mgonjwa wa malaria anayo!"

Alirudi mbio na rolex mbili, akaona waya chini, akaona chaja, akaona gurudumu. Akakaa kwenye ndoo akala zote mbili, moja ilikuwa yangu.