Pamba Iliyotiwa Maji

Huu ni mwaka wangu wa tisa Asheville, North Carolina. Kaunti yetu inaitwa Buncombe, na jina hilo ndilo lililozaa neno la Kiingereza bunkum, yaani maneno matupu yanayosemwa ili msemaji aonekane amesema. Mwaka 1820 Felix Walker, mbunge wa sehemu hizi, alisimama Bungeni Washington siku waliyokuwa wakijadili kama Missouri ikubaliwe kuwa jimbo lenye utumwa. Wenzake walikuwa wamechoka na walitaka kupiga kura. Wakamsihi akae. Akakataa, akasema anazungumza kwa ajili ya Buncombe, ili watu wake nyumbani wajue kwamba naye alisema. Tangu hapo "kuzungumzia Buncombe" ikawa msemo, kisha jina likafupishwa hadi likabaki bunk. Kila nikiikumbuka habari hii naumia kwa sababu ya mada ya siku ile: uhuru wa watu waliokuwa wakiuzwa kama ng'ombe, na mbunge anawaza sifa kwa wapiga kura.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba, nimezaliwa Maswa, Tanzania. Kwa hiyo neno jingine la jamii hiyo, bombast, lilinigusa zaidi nilipojua asili yake. Ni pamba. Katika karne ya 16 wanaume wa Uingereza walishindilia pamba ndani ya makoti yao ili kifua kionekane kipana, na ile pamba ya kushindilia ndiyo iliyoitwa hivyo. Watu wakalihamishia jina hilo kwenye hotuba na tungo zilizovimba bila nyama ndani. Sisi tumepita karibu na njia hiyo hiyo: pamba ni zao, na kupamba maneno ni kuyavalisha.

Nyumbani kila mkulima anaujua ujanja wa kunyunyizia pamba maji, au kuchanganya mchanga, ili mzani upande. Karani mzoefu hadanganyiki. Anazamisha mkono hadi katikati ya gunia, anasikia ubaridi, anakwambia rudi nayo ukaanike. Hicho ndicho ninachokiheshimu kwa wenye Kiingereza: kwa karne nyingi wamekuwa wakizamisha mkono kwenye magunia yao wenyewe. Thomas Wilson mwaka 1553 aliwakemea Waingereza waliosaka maneno ya Kilatini ili waonekane wasomi, akayaita maneno ya pembe ya wino, maana enzi hizo wino ulibebwa kwenye pembe. Mwaka 1944 Maury Maverick, Mtexas aliyeongoza idara ya serikali ya kuhudumia viwanda vidogo wakati wa vita, alichoshwa na nyaraka za ofisini zisizoeleweka. Akazipa jina gobbledygook, akifuatisha sauti ya bata mzinga dume anavyolia na kutuna. Mwaka 2010 Rais Obama alitia saini sheria inayozitaka ofisi za serikali kuu ziandike kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa.

Sasa niseme la nyumbani, maana ndilo linaloniandikisha.

Baba alisoma hadi darasa la nne, na Kiswahili alikisoma vizuri. Siku moja alipokea barua ya ofisi moja kuhusu shamba letu la upande wa mtoni. Ilianza na "rejea somo tajwa hapo juu", ikaenda kurasa mbili za "kwa mujibu wa" na "kwa muktadha huo", na katikati ikatiwa sentensi mbili za Kiingereza. Aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Alipokuja kumpelekea mwalimu mstaafu wa kijijini, mwalimu alimwonyesha kwamba jambo lenyewe lilikuwa moja: kama una pingamizi, lilete ndani ya siku 30. Siku zilikuwa zimepita. Tulipoteza karibu nusu ya shamba lile. Baba hakuilaumu barua hata kidogo. Alisema, "Hao wamesoma, mwanangu. Mimi ndiye sijasoma."

Septemba 2024 kimbunga Helene kilitupiga hapa Asheville. Maji ya bomba yaliyo salama kwa kunywa yalirudi tarehe 18 Novemba. Siku hizo zote tulikuwa tukiambiwa habari za maji kwa maneno ya kawaida: bwawa limejaa tope, tope halitaki kutuama, haya ni ya kuoshea tu, msinywe. Hata neno la kitaalamu la ule uchafu lilielezwa mpaka watoto wakalijua. Lakini jirani yangu, bibi wa miaka 78, alipata barua ya bima iliyoandikwa kama ile ya baba. Akapiga simu nikiwa jikoni kwake nikimchemshia maji. Akamwambia aliyepokea, "Barua yenu mbaya. Niambie kwa maneno ya watu: mnalipa au hamlipi?" Hawakuwa wanalipa. Alilia. Ila aliijua hali yake siku ile ile, na kesho yake alikuwa kwenye foleni ya kuomba msaada wa serikali.

Kwa hiyo pamba ya maji ipo hata huku. Tofauti niliyoiona ni nani anayeona aibu. Yule bibi aliona kosa ni la mwandishi. Baba aliona kosa ni lake. Nasi kwetu tunayo majina ya kutosha: porojo, mbwembwe, kutia chumvi, maneno ya kuazima. Tunayatumia kwa vijana wa kijiweni na kwa wagombea. Lakini mgeni rasmi akipanda jukwaani na kumwaga misamiati ambayo hata mkalimani ingemshinda, tunampigia makofi. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na nilishangilia kama mtu aliyeshinda kesi. Hata hivyo barua iliyomshinda baba sehemu yake kubwa ilikuwa Kiswahili.

Mdogo wangu sasa ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba kijijini kwetu. Mwezi uliopita alinisomea kwenye simu tangazo alilokuwa ameandaa kuhusu malipo. Nilimuuliza mzee asiye na miwani, mwenye kusomewa na mjukuu wake, atashika nini hapo. Akanyamaza, kisha akasema akiandika kwa wepesi wajumbe wataona halina hadhi. Tulibishana karibu nusu saa, na salio langu likakatika kabla hajakubali.

Jumatano akanitumia picha ya mlango wa ghala. "Pesa za pamba hazijafika. Tunatarajia wiki mbili. Mwenye swali aje Jumamosi saa nne asubuhi, nitakuwepo."