Padi laini, mkono wenye jasho

Rafiki yangu mmoja alikaa nyuma yangu dakika kumi nzima akinitazama nikicheza, hasemi neno. Mwisho akauliza: "Kaka, hapo unacheza gemu au unapiga pasi?"

Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, saa tatu usiku. Umeme ulikuwa umerudi punde tu na feni ndiyo kwanza inajikongoja. Mezani palikuwa na padi mpya ya mausi, kile kitandiko cha kutelezeshea mausi. (Darasani walitufundisha "kipanya", lakini sijawahi kumsikia mcheza gemu akilia kwamba kipanya chake kimemwangusha.) Padi yenyewe ni ya kitambaa, laini, nene, ile aina inayouzwa kwa jina la "kontroli". Mjomba alinibebea kutoka Muscat, imeviringishwa katikati ya nguo zake, na bei yake ilikaribia nusu ya kodi ya chumba changu. Kampuni siitaji. Padi ilifanya kila kilichoandikwa kwenye boksi. Mimi ndiye niliyelisoma boksi kama mtu anayeishi kwenye baridi.

Tumezoea kuzipanga padi za kitambaa kwenye mstari mmoja, huku za mwendo, kule za kontroli. Ya mwendo ukiigusa mausi tu imeshafika. Ya kontroli inaishikilia kidogo, inakusubiri uamue. Wanaocheza gemu za risasi kama Counter-Strike na Valorant wengi wanapenda upande wa kontroli, kwa sababu kule kazi kubwa ni kuisimamisha nukta ya shabaha kichwani mwa adui na kubofya. Anayecheza Apex Legends au Overwatch, ambako adui unamfuata na kummiminia risasi mpaka aishiwe, mara nyingi anataka kitu chepesi zaidi. Hadi hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu unaanza kwenye hilo neno lenyewe. Kontroli ni kapu lililotiwa vitu viwili tofauti. Kuna kitambaa cha juu, kimefumwa kwa namna gani, kinakwaruza au kinateleza. Halafu kuna mpira wa chini, laini kiasi gani, ukibonyeza mausi inazama au inabaki juu. Artisan, kampuni ya Japani, inavitenganisha bila kumficha mnunuzi: padi yao ya Zero unaichukua kwa ulaini unaoutaka, XSoft, Soft au Mid, kitambaa ni kilekile. Kampuni nyingi zinakuuzia kifurushi. QcK Heavy ya SteelSeries ina unene wa milimita 6, G-SR ya Zowie 3.5, G640 ya Logitech 3, na unene huo haukuambii moja kwa moja ulaini, maana kuna mpira mnene mgumu kama kandambili mpya. Njia pekee niliyonayo mimi ni kubonyeza kwa kidole gumba na kuangalia shimo linachukua muda gani kujaa.

Kwa anayeendesha gari nitasema hivi. Mpira laini ni breki ya mguu. Unateleza zako, ukitaka kusimama unakandamiza kiganja kidogo, miguu ya mausi, vile vipande vya kutelezea chini yake, inazama, umesimama. Ukilegeza, safari inaendelea. Kitambaa kizito ni breki ya mkono. Kipo muda wote, utake usitake, ukianza kona, ukimaliza kona, ukiwa unasogea nywele moja tu. Padi yangu ilikuwa na zote mbili, na mimi nilishangilia nikidhani nimepata kontroli mara mbili.

Wiki ya kwanza nilidhani nimepata dawa. Kumimina risasi kwa AK, kitu ambacho kwangu siku zote kilikuwa kama kumshika jogoo anayefurukuta, kulitulia. Mkono ulishuka taratibu, risasi kumi za kwanza zilikaa pamoja. Bado nasema hiyo ndiyo sifa kubwa ya padi laini, na anayeikejeli hajawahi kucheza nusu saa akiwa na wasiwasi. Wasiwasi unafanya mkono ukandamize, na padi laini inaugeuza ule mkandamizo kuwa utulivu. Kwenye padi ngumu mkandamizo huohuo unakuwa mtetemo.

Kisha fukuto la kaskazi likakaza.

Nakumbuka raundi moja ya Dust II, ramani ya Counter-Strike. Nimebana, nachungulia milango ya kati, nukta imekaa kushoto kidogo ya pale kichwa kitakapotokea, tofauti ya punje ya mchele kwenye skrini. Jamaa katokea. Natakiwa kusogea ile punje moja tu. Nasukuma, mausi haiendi. Naongeza nguvu, inachomoka, inakipita kichwa na kwenda kusimama ukutani. Mimi chini. Ilikuwa sawasawa na droo ya kabati la vyombo wakati wa masika, mbao zimevimba: unavuta haitoki, unavuta kwa hasira inatoka yote, vijiko vinamwagika sakafuni.

Fizikia ya sekondari ilishatuambia hilo. Kitu kilichotulia kinadai nguvu kubwa zaidi kukianzisha kuliko kukiendeleza kikishaanza. Pengo kati ya nguvu hizo mbili likiwa dogo, mkono haulioni. Likikua, ndipo masahihisho madogo yanapokufa, kwa sababu yote ni ya kuanza: unaanza, unasimama, unaanza tena. Kugeuka nyuma kwa mkono mzima hutaona shida yoyote. Kwa hiyo mtu anaweza kuisugua padi dukani, akaisifu, na bado ikamwangusha pale anapoihitaji zaidi.

Nilitaka kujua lawama ni ya nani, hewa yenye unyevu au mimi. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikailaza padi juu yake, nikaweka mausi isiyotumia waya, nikainua upande mmoja polepole mpaka mausi ikaanza kuteleza yenyewe. Pale ncha ya ubao ilipofika nikachora ukutani kwa penseli. (Mwenye nyumba akisoma hapa, itafutika.) Nilifanya hivyo asubuhi baada ya kuiacha padi mbele ya feni usiku kucha, nikarudia usiku kwenye joto. Alama ya usiku ilikuwa juu ya ile ya asubuhi kwa kama vidole viwili. Kumbe hewa ina mchango. Ila nilipoihamisha mausi kutoka kona safi ya padi hadi pale katikati, panapokaa kiganja na mkono kila siku, alama ilipanda vidole vinne.

Hapo nikaacha kuisingizia kaskazi peke yake. Padi nyingi za namna hii zimefumwa kwa poliesta, nayo hainywi maji kama pamba. Lakini jasho haliji peke yake. Linakuja na chumvi, mafuta ya ngozi na vumbi, maji yanakauka, vingine vinabaki kwenye vijitundu vya kitambaa. Ukigusa kwa kidole unasikia tofauti, pana utando fulani kama mfuniko wa sufuria iliyokaangiwa samaki.

Na kuna mwizi wa tatu ambaye ubao haukuweza kumwona, ngozi ya mkono wenyewe. Mimi nacheza kwa mkono mzima, kuanzia kiwiko. DPI yangu (wepesi wa mausi yenyewe) ni 800 na sensi (wepesi wake ndani ya gemu) ya Counter-Strike 2 ni 1, maana yake kugeuka mzunguko kamili kunakula sentimita 52 hivi. Padi yangu ina upana wa 45, kwa hiyo hata mzunguko mmoja hautoshi, na kila kugeuka ni kuburuza nusu ya mkono juu ya kitambaa. Mkono ukiwa na jasho unaganda. Unaona mausi nzito kumbe mzigo ni wewe. Niliwahi kuicheka ile mikono ya kitambaa wanayovaa bodaboda kuzuia jua, ile inayouzwa barabarani kwenye foleni. Nikanunua jozi moja, nikakata sehemu ya kiganja, nikavaa mkono wa kulia tu. Sijaona badiliko la bei rahisi kama lile. Rafiki yangu wa pasi akasema sasa nimebakiza helmeti.

Mwezi wa nane nilikuwa Dodoma kwa kazi ya wiki mbili, nikabeba kompyuta na ile padi. Dodoma mwezi wa nane midomo inapasuka, nguo ukianika asubuhi unavaa mchana. Padi ileile, mausi ileile, miguu ileile, na ilikuwa kitu kingine. Ilishika bila kung'ang'ania. Ile punje ya mchele niliisogea bila kufikiria. Intaneti ya nyumba niliyofikia haikunipeleka vizuri hadi seva ya Johannesburg wala ya Dubai, lakini kwenye ramani ya mazoezi nikiwa peke yangu nilikaa mpaka usiku wa manane nikifurahia tu kusimama. Ndipo nikaelewa wale wanaozisifu padi hizi. Hawadanganyi. Wanakaa kwenye vyumba vya kiyoyozi au nchi ambazo mkono haujui jasho zaidi ya miezi miwili, na mimi nilikuwa nasoma sifa zao nikiwa Mbagala na feni ya mezani.

Tangu hapo ninapotathmini padi ya kitambaa sianzi na swali la mwendo au kontroli. Naweka mausi, naisukuma kwa kidole kimoja polepole kadiri ninavyoweza, naangalia inaanzaje. Ikianza kwa kushtuka, padi hiyo haikai kwangu, hata kama inasimama kama ukuta. Halafu nasugua mkono wangu wenyewe, mtupu, ikiwezekana baada ya kupanda ngazi. Muuzaji wa Kariakoo aliniuliza kama nanunua padi au mkeka. Mwisho nakandamiza na kusukuma kwa pamoja, kuona kama tumbo la mausi linagusa kitambaa. Kwenye mpira laini sana hilo hutokea, hasa miguu ikiwa imechakaa au ikiwa ni ile midogo ya duara. Miguu mipana, ile myeupe ya tefloni, inagawanya uzito na haizami sana, na kwa mtu mwenye padi iliyozidi ulaini ni tiba rahisi kuliko kununua padi nyingine.

Kuosha ni lazima, na hapa huku pwani tuna adhabu yetu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, sponji, unasugua kwa kuzunguka, unasuuza mpaka povu liishe. Usiikamue kwa kuipinda, gundi inayoshika kitambaa na mpira haisamehi. Usiianike kwenye jua kali wala usijaribu pasi, hata kama umeshaambiwa unapiga pasi. Ianike kivulini, imelala, penye upepo. Padi nyembamba inakauka upesi. Nene ya mpira laini, mwezi wa nne, mvua ikiwa dirishani, yangu ilichukua siku tatu na bado ilikuwa na harufu ya soksi. Hilo nalo ni sehemu ya tathmini, ingawa sijaona mtu akiliandika.

Kuna watakaoniambia nihamie padi ya kioo. Nimejaribu cha rafiki. Jasho unafuta kwa kitambaa, hewa haikidhuru, yote kweli. Lakini kinakula miguu ya mausi upesi, na sauti yake usiku inaamsha jirani. Zaidi ya hayo hakina pa kuzama, nami breki yangu ya mguu siitoi.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar asiye na kiyoyozi ni huu: chukua mpira laini, kwa sababu breki hiyo unaishika mwenyewe, na uulaze chini ya kitambaa chepesi kidogo kuliko unachodhani unakitaka. Hewa ya huku itakipunguzia mwendo bila kukutoza shilingi. Ukianza na kitambaa kizito, kaskazi ikija huna pa kurudi nyuma. Mwenye kuishi Arusha, Iringa au Nairobi anaweza kunipuuza na kununua ile nzito, nitamwonea wivu tu.

Sasa hivi natumia padi nyingine, mpira laini, kitambaa cha wastani, nimeipata mkononi mwa kijana aliyekuwa anahamia kwenye kioo. Ile ya Muscat sijaiuza. Imeoshwa, imekauka kweli safari hii, imeviringishwa kitambaa kikiwa nje na kulazwa juu ya kabati. Kusi ikikolea mwezi wa sita naishusha, naicheza mpaka Oktoba, halafu inapanda tena kabatini.