Anaumwa na nini, au analipa nini?

Piko ya shangazi, ile rangi nyeusi ya kupambia mikono, ilikuwa haijakauka. Alitoka Lamu siku mbili kabla, boti hadi Mokowe kisha basi zaidi ya kilomita 200 mpaka Malindi, kuja kumuoza mjukuu. Usiku wa kuamkia nikaha kifua kikambana, jasho likimtiririka. Tukampakia kwenye tuktuk hadi hospitali ya binafsi iliyokuwa karibu.

Dirishani tuliulizwa: "Bima au keshi?" Bima anayo, analipiwa na mwanawe. Binti wa dirishani akabofya, akangoja, akabofya tena. Mtandao unasumbua. Basi tuweke dipoziti ya shilingi 30,000, mgonjwa aingie.

Simlaumu yule binti. Lile swali hakulitunga yeye, na akikosea huenda likakatwa kwenye mshahara wake. Ninaowalaumu ni waliokaa mahali penye kiyoyozi wakaamua kwamba dirisha la pesa litangulie kitanda. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sijaona palipoandikwa "ila mtandao ukisumbua."

Tulichangishana kwa M-Pesa pale pale barazani, wengine kwa pesa walizoweka za kumtunza bibi harusi. Dakika 20 hivi. Shangazi kwenye kiti cha magurudumu, mikono kainyanyua asichafue leso. Alipoingizwa, nesi alimbana kile kidude cha kupima oksijeni, kikakataa kusoma kwa sababu ya piko. Akajaribu kidole baada ya kidole, taratibu, huku akimtania kwamba bibi harusi ni yeye. Huyo nesi Mungu amlipe. Utu upo mle ndani, ila umewekwa nyuma ya risiti.

Hoja ya wenye hospitali naijua. Jenereta inakunywa dizeli, madaktari wanataka mishahara, na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wanailalamikia hadharani kwamba inachelewa kuwalipa. Sawa, wadai. Lakini hilo ni deni lao na SHA, shangazi anaingiaje? Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, akifika mlangoni anaanza upya kama hajatoa kitu. Na asiniambie mtu twende ya serikali, kana kwamba huko hatujatumwa duka la dawa kununua sindano na glavu.

Biashara wafanye. Wauze vyumba vyenye televisheni, wauze chai ya maziwa kwa bei ya pilau. Kifua kilichobana kisipangiwe foleni ya malipo, basi. Mgonjwa aonwe, ahesabiwe baadaye.

Alipopata nafuu asubuhi, nilimwinamia nikidhani ataulizia harusi.

"Wamewatoza ngapi?" akasema.