Nyumba ya mbao ihesabiwe mpaka siku ya kubomolewa

Ukitaja nyumba ya mbao Lindi au Mtwara, unaambiwa unataka kumaliza misitu. Hofu hiyo ina msingi, maana mninga na mkongo vimevunwa kwa magendo miaka mingi. Lakini wenye hofu huhesabu hasara ya siku ya kukata mti tu, na ya nyumba ya saruji hawaihesabu kabisa.

Kiwanda cha Dangote pale Mtwara kilijengwa kutoa tani milioni 3 za saruji kwa mwaka. Tunajipa moyo kwamba gesi yetu asilia, kama nishati ya kiwanda, ni safi kuliko makaa ya mawe, na ni kweli. Ila mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa huachia hewa ukaa, ile inayoipasha dunia joto, takriban nusu tani kwa kila tani ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, hata moto uwe safi kiasi gani. Tofali la kuchoma nalo limekula magogo tanuruni kabla msingi haujachimbwa. Mti huenda kinyume: nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni, hivyo tani 1 ya mbao imefungia hewa ukaa ipatayo tani 1.8.

Imeifungia mpaka lini? Mbao zikioza au zikichomwa, hewa hiyo inarudi angani, na huku kwetu mwamuzi ni mchwa. Nguzo iliyochimbiwa huonekana nzima juu, kumbe pale inapoingia ardhini inabonyea kwa kidole. Kama nyumba itajengwa upya kila baada ya miaka michache, ilhali mninga huhitaji miongo kadhaa kukomaa, wapinzani wameshinda.

Dawa hurefusha maisha ya mbao, lakini hapo ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki hazifai kuwa kuni, kwani aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Sasa boriti ikitolewa kwenye nyumba iliyobomolewa, nani ataizuia isiende jikoni, kwenye mafiga, watoto wakiwa pembeni? Hesabu yoyote inayoishia siku ya kupaua imeliacha swali hilo kwa mama anayepika.

Dawa hiyo tunaweza kuikwepa. Mbao ngumu, nguzo ikae juu ya zege badala ya kuchimbiwa, upenu uwe mrefu mvua isipige ukuta. Saruji inatumika, ila kidogo, pale hasa inapohitajika.

Kuhusu msitu, tutazame Kilwa, mkoani Lindi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha usimamizi bora wa misitu, na mapato ya magogo huingia kijijini. Kinachofyeka misitu mingi ya Lindi ni mashamba mapya ya ufuta, ambayo hayaachi hata mche. Kijiji kinachouza mninga kwa mpango kina sababu ya kumkatalia anayetaka kufungua shamba humo. Kikikosa mnunuzi wa mbao, sababu hiyo inapungua, na ufuta una bei kila msimu.